Mazishi ya Kitaifa ya Bwawa la Fahari

Kazi yangu ilikuwa vifo. Kila asubuhi, baada ya wimbo wa kumsifu Mtukufu Mlezi na kabla ya bei ya mahindi, nilikaa mbele ya kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Nchi nikasoma nani kafa, kafia wapi, anazikwa saa ngapi, na jamaa zake popote walipo wapate habari. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mimi si mtu wa siasa. Wanasiasa hushughulika na watu wakiwa hai. Mimi niliwapokea wakishamalizana nao.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba limebadilishwa mara nyingi, na Kamati ya Kutafuta Jina bado iko ng'ambo ikitafuta jingine. Ni nchi ya amani, na asiyeiona amani hiyo huchukuliwa akapelekwa mahali pa kuonyeshwa.

Asubuhi moja nililetewa karatasi kutoka Wizara ya Maji na Shangwe. Nikaisoma hewani kama nilivyosoma zote, kwa sauti nzito na kituo baada ya kila jina: "Serikali, kwa masikitiko makubwa, inatangaza kifo cha Bwawa la Fahari, kilichotokea jana mjini hapa baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mfiwa mkuu ni Mtukufu Mlezi. Habari ziifikie mito, vijito na madimbwi yote, popote yalipo."

Kisha nikasoma bei ya mahindi. Haikuwa kazi yangu kuuliza ukuta wa zege hufaje.

* * *

Kwa wale wasiolijua, Bwawa la Fahari lilijengwa na Mlezi wa Kwanza, baba yake huyu tuliye naye, kuuziba Mto Mwendakwao katikati ya mji mkuu. Lilikusudiwa kutupa umeme, na kweli lilitupa. Siku ya uzinduzi taa moja iliwaka pale jukwaani Mlezi wa Kwanza aliposimama, ikazimika alipoketi. Baada ya kazi hiyo kubwa bwawa likapumzika, likawa linakusanya matope na harufu.

Upande wa juu, mtaa wa Kinamasini, masika ikifika maji yalirudi nyuma yakaingia majumbani, watu wakalala juu ya meza. Upande wa chini, mtaa wa Mkondoni, mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu, watu wakiuchimba kwa vibuyu wapate ndoo moja ya tope. Wa juu walikuwa wanaomba maji yaondoke, wa chini wanaomba yaje, na serikali, ambayo haipendi kupendelea upande wowote, ikawanyima wote.

Ndipo wakaja wale wageni wanaotusaidia. Wakasimama ukingoni, wakaziba pua, wakasema: uondoeni ukuta huu, mto utajirudia wenyewe. Mlezi akawasikiliza, akaenda kulala, akaamka na wazo lake mwenyewe kwamba ukuta uondolewe mto ujirudie. Tukamshukuru kwa maandamano.

Tatizo lilikuwa sheria. Ipo Sheria ya Heshima kwa Kazi za Baba, inayosema kwamba yeyote atakayevunja, atakayetishia kuvunja, au atakayeota anavunja kitu chochote kilichojengwa na Mlezi wa Kwanza atafungwa maisha. Mlezi aliitia saini mwenyewe, kwa wino wa dhahabu, na mwanasheria wake alipoisoma tena alikuta hakuna mahali palipomtoa Mlezi. Baraza zima likakaa kimya. Kufikiri kwao kulisikika mpaka barabarani, kwa sababu walikuwa wakiburudishwa na bendi.

Aliyetuokoa ni Waziri wa Maji na Shangwe, Mheshimiwa Daktari Tandabelua. Huyu ni mtu mwenye elimu. Udaktari wake aliupata katika safari moja tu ya ndege. Alisimama, akavuta koti, akasema maneno ambayo sasa yamechorwa kwenye kuta za shule. "Kuvunja ni kosa," alisema. "Kuzika ni heshima."

Bwawa lisivunjwe, basi. Bwawa lifariki. Likishafariki lioshwe, livikwe sanda, lisomewe wasifu wake, na baada ya mazishi mafundi waje kulitoa pale lilipolala, kama marehemu yeyote anavyotolewa nyumbani. Mwanasheria akakubali, kwa sharti moja: mila zote za mazishi zifuatwe, hata moja isirukwe. Ikirukwa moja, alisema, mazishi yatageuka kuwa uvunjaji, na uvunjaji ni kifungo cha maisha.

* * *

Siku ile ile ya tangazo Bi Mwatabu alikuja redioni. Ni mama wa Kinamasini, muuza bagia, mkavu wa mwili na wa maneno. Tulikuwa tunafahamiana kwa sababu alikuwa ananijia tangu miaka sita iliyopita na ombi lile lile.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shomari, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka huo Mlezi alisema angependa kupunga upepo ukingoni mwa bwawa, na Wizara ikaona aibu kwa sababu maji yalikuwa yamefunikwa na magugu. Wakachukuliwa vijana wa mtaani wakayang'oe. Shomari alipewa mabuti ya mpira ya serikali, na alipoyavaa akakuta yote mawili ni ya mguu wa kushoto. Alirudi nyumbani kumwonyesha mama yake. Walicheka, akatembea uani akipinda kama bata, mama akamwambia usiende nayo mbali, utazunguka urudi hapa hapa. Akaenda. Aliingia kwenye magugu na wenzake, wenzake wakatoka.

Mlezi alikuja kesho yake, akapunga upepo, akasifu maji kwa usafi wake.

Bi Mwatabu aliomba milango ya chini ya bwawa ifunguliwe maji yashuke amtafute mwanawe. Akajibiwa kwamba maji yale ni mali ya Baba na hayashuki bila neno la Mlezi. Akaja kwangu, akaomba basi nimtangaze, ajulikane kuwa amekufa, watu wajue la kumwambia. Maana majirani walikuwa hawajui wampe pole au wamuulize mgeni anarudi lini. Nikamweleza kwa upole utaratibu wa redio: bila maiti hakuna tangazo. Kila mwaka alirudi, na kila mwaka nilimweleza kwa upole. Mimi ni mpole sana.

Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni na kapu lake.

"Mwanangu, nimekusikia. Bwawa limekufa."

"Ndiyo, mama. Tumefiwa."

"Maji yatatolewa?"

"Baada ya mazishi, mama. Yote."

Akahamishia kapu mkono wa pili. "Mimi sitaki neno la mtu," akasema. "Nataka yakitoka, waniache niingie kwenye matope nimtafute. Nimzike mwanangu, basi."

Nilimhakikishia kwamba serikali inayoweza kuuzika ukuta haiwezi kushindwa kumwachia mtu mifupa ya mwanawe. Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. Akaniachia bagia tano, nikazila.

* * *

Maandalizi yalikuwa ya kupendeza. Iliundwa Kamati ya Msiba, na Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Msiba, na zote mbili zikaanza kula siku hiyo hiyo, kwani msiba bila chakula ni uchuro.

Kwanza palizuka suala la kuosha. Mila yetu ni kwamba mwanamume huoshwa na wanaume na mwanamke na wanawake, sasa bwawa ni nani? Wakuu walibishana mpaka wakachafukwa na roho. Mwisho mmoja akasema: tazameni maisha yake. Miaka yote alikaa pale pale, hakufanya kazi yoyote, kila bajeti anatengewa fungu lake, na aliyemgusa alifungwa. Wakakubaliana kwa kauli moja kuwa ni mwanamume, tena mtumishi mwandamizi. Wakaitwa askari wa kiume wakamsugua kwa sabuni, na sabuni yote ya hospitali kuu ikaishia hapo.

Kisha sanda. Zege lile lilikuwa na urefu wa kutosha kuchosha farasi, na nguo nyeupe nchini hazikutosha. Zikachukuliwa shuka za wodini, wagonjwa wakaambiwa waone fahari ya kuchangia. Zikachukuliwa neti za mbu, vitambaa vya meza za harusi, na bendeji ambazo zilikuwa hazijafunguliwa. Mafundi cherehani walipangwa mstari mmoja toka ng'ambo hii hadi ile. Walipofika kwenye milango ya kupunguzia maji wakauliza kama waiache wazi. Waziri Tandabelua akawauliza kama wamewahi kuona maiti iliyovikwa sanda huku mdomo umeachwa nje. Wakaishona milango, kwa uzi wa nyavu, mara mbili.

Watumishi wa umma walipewa vyeo vya kulia. Makarani walitakiwa kulengwalengwa na machozi, wakuu wa idara kudondosha, makatibu wakuu kushikiliwa wasianguke. Shule zilifungwa. Wafungwa waliruhusiwa kuhuzunika.

Na mimi, kwa kuwa sauti yangu imezoeleka misibani, nikateuliwa kuwa msemaji wa mazishi. Sijapata kuheshimiwa hivyo. Nilipewa ratiba yenye mila zote, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa ile ya kuuliza.

Pengine msomaji wa nchi nyingine haijui. Kwetu maiti haiendi kaburini kabla msemaji wa mazishi hajawauliza watu mara tatu: nani anamdai marehemu? Mwenye lake husimama akalitaja. Na mfiwa mkuu, awe tajiri au hohehahe, humjibu hapo hapo kwa maneno manne: deni lake ni langu. Asipoyasema, maiti haizikwi. Nimewahi kumwona mtu akilikubali deni la mbuzi aliyeibwa kabla yeye hajazaliwa. Nimemwona mwingine akilikubali tusi ambalo babu yake alimtukana jirani harusini. Huwa hatuioni kuwa mila ngumu, kwa sababu kila mtu ana mtu atakayemzika.

Sikumkumbusha mtu kwamba mfiwa mkuu ni Mlezi. Ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ratiba, na ratiba ilikuwa imesainiwa na Waziri.

* * *

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali na heshima zilikuwa nyingi. Mlezi alikaa jukwaani kwenye kiti chenye miguu ya simba. Mbele yake marehemu Bwawa alilala mweupe toka mwanzo hadi mwisho, na kwa mbali, kama hukuisikia harufu, ungesema anapendeza.

Waziri Tandabelua alisoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa mnyenyekevu, hakupenda makuu, hakuwahi kujitangaza kwa kutoa umeme. Alisema marehemu aliwapenda watu wa Kinamasini kiasi cha kuwafuata mpaka vitandani, na aliwalea watu wa Mkondoni katika maadili ya kutopoteza maji. Makatibu wakuu wakaanza kuanguka, ikabidi wengine wasubiri zamu maana washikaji hawakutosha.

Kisha ikafika zamu yangu. Nikauliza kwa sauti ile ya asubuhi, "Nani anamdai marehemu?"

Kimya. Watu walikuwa wameelekezwa. Nikauliza mara ya pili, kimya, Waziri akatabasamu. Nikauliza mara ya tatu, na upande wa kina mama wa Kinamasini mtu mmoja akasimama na kapu lake.

"Mimi namdai," akasema Bi Mwatabu.

Hapakuwa na askari wa kumkalisha, kwa sababu askari wote walikuwa wamepangiwa kulia. Na mimi nilikuwa na ratiba mkononi. Iliandikwa: msemaji atauliza, anadai nini. Nikamuuliza.

"Namdai mwanangu, Shomari. Alimmeza miaka sita iliyopita. Sitaki fidia wala ng'ombe. Nataka anirudishie."

Watu hawakupiga kelele. Walifanya jambo baya zaidi, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mzee wa Mkondoni alisema anamdai mto. Mwanamke aliyembeba mtoto alisema anamdai usingizi wa masika yote aliyoyapitisha juu ya meza. Mwingine alisema yeye hajui anadai nini lakini anadai. Nikawa nageuka kumtazama mfiwa mkuu kila mmoja anapomaliza, kama ratiba ilivyotaka, nikasubiri yale maneno manne.

Mlezi alifungua mdomo. Nina hakika alitaka kuyasema, ni mtu wa huruma. Lakini Katiba yetu, kifungu cha kwanza, inasema: Mlezi hadaiwi. Vifungu vingine vyote vinaeleza jinsi asivyodaiwa. Akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akamtazama Waziri. Waziri akatazama juu, akaona wingu, akalitazama wingu lile kwa bidii kubwa.

Mlezi asiposema, mila imerukwa, na mila ikirukwa mazishi ni uvunjaji. Akisema, basi anadaiwa. Bi Mwatabu alikuwa bado amesimama. Kapu lilikuwa limemlemea, lakini hakulitua.

Ndipo Waziri Tandabelua akapiga kelele kwamba amemwona marehemu akipumua.

* * *

Daktari wa Ikulu aliletwa mbio. Akaweka kipimo chake kwenye shuka, akasikiliza, akavuta uso, akatangaza kwamba mapigo yapo. Bwawa la Fahari halikufa. Lilizirai kwa uchovu wa kulitumikia taifa.

Asubuhi yake nilisoma masahihisho. Nilisema serikali inawaomba radhi waombolezaji wote, na kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na atapelekwa ng'ambo kwa matibabu, kwa kuwa hospitali zetu hazina shuka. Na kweli alipelekwa. Ujumbe wa watu kumi na wanane, ukiongozwa na Mheshimiwa Waziri, ulipanda ndege ukiwa na ndoo moja ya maji ya bwawa, iliyofungwa mkanda kwenye kiti cha dirishani. Picha zilionyesha ndoo ikitabasamu, au ndivyo maelezo ya picha yalivyosema.

Bi Mwatabu alishtakiwa kwa kosa la kumdai mtu mahututi. Hakimu alikuwa na huruma, akasema kifungo hakimfai mwanamke wa umri ule. Alimhukumu kumtembelea mgonjwa kila siku na uji mpaka apone.

Akawa anakwenda. Kila asubuhi alipika uji, akautia kwenye bakuli, akaenda ukingoni na askari nyuma yake, akainama akaumimina majini polepole. Askari alinieleza kwamba huwa anasema maneno kabla ya kumimina, lakini kwa sauti ya chini. Magazeti yalimpiga picha yakamsifu kwa kuiga moyo wa Mlezi wa kuwajali wagonjwa. Mimi sijui alikuwa anamlisha nani. Niliacha kula bagia tangu wakati huo.

* * *

Masika ikafika, kwa sababu mvua haikuhudhuria kikao chochote.

Mtu mmoja alikumbusha kwamba milango ya bwawa bado imeshonwa. Akajibiwa kwamba kumvua mgonjwa nguo hadharani ni utovu wa adabu, na kwamba mwenye mamlaka ya kumvua ni Waziri, ambaye yuko ng'ambo kando ya kitanda cha ndoo. Maji yakapanda. Kinamasini watu walipanda juu ya meza, kisha juu ya makabati, kisha juu ya mapaa, wakawa wanaitana toka bati hadi bati. Kila siku nilisoma kwamba mgonjwa anaendelea vizuri sana. Watu wa Mkondoni waliposikia hivyo walifungasha vyungu na watoto wakahamia mlimani wote, maana kwetu serikali ikishatangaza kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, wenye akili huanza kutafuta jembe.

Lilipasuka adhuhuri. Ushonaji ulikuwa imara, nawapongeza mafundi: uzi haukuachia hata mahali pamoja. Ulioachia ni ukuta. Maji yaliubeba ukuta ukiwa ndani ya sanda yake, yakalibeba jukwaa la heshima na kile kiti chenye miguu ya simba, yakapita Wizara ya Maji na Shangwe yakaliondoa lango na kibao chake, yakateremka Mkondoni kusikokuwa na mtu, yakaenda zake baharini. Ilipofika jioni kelele zilikuwa zimekwisha. Katikati ya mji mto mwembamba wa rangi ya chai ulikuwa unapita kwenye njia yake ya zamani, bila kuongozwa.

Niliamriwa kusoma kwamba mgonjwa amepona kabisa na ameruhusiwa kutoka. Ujumbe wa ng'ambo ulipotaarifiwa ukajibu kwamba habari hizo zimewashangaza, kwa kuwa wao wanaye hapo na bado anahitaji uangalizi.

* * *

Palipokuwa bwawa palibaki uwanja wa matope. Watu wa Kinamasini walishuka na majembe, na wa Mkondoni wakaja toka mlimani, na hakuna aliyewaita. Bi Mwatabu hakumwomba mtu. Aliingia, matope yakamfika magotini, akaanza kutafuta kwa mikono toka ukingo ule aliokuwa akimiminia uji. Wengine wakajipanga ubavuni mwake. Nilikwenda kuangalia kwa ajili ya redio, nikajikuta nami nimo ndani, viatu vyangu vya kazini sikuviona tena.

Aliyempata ni mwanamke wa Mkondoni. Alivuta buti, halafu akavuta buti jingine, akayafuta kwa pindo la kanga, akayaweka pamoja juu ya tope. Akasita. Akamwita, "Dada, hebu njoo utazame, haya mabuti yana walakini."

Bi Mwatabu akaja, akayatazama, akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Yote ya kushoto," akasema. "Ndiye."

Alilia siku ile. Alilia kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na wanawake wa mitaa miwili wakalia naye, na hakuna aliyepangiwa cheo.

* * *

Tulimzika Shomari kesho yake, Kinamasini, mahali palipoanza kukauka. Waliniomba niwe msemaji. Hapakuwa na ratiba. Jeneza lilikuwa jepesi sana, kijana mmoja angelibeba peke yake, lakini wanaume walilibeba kwa zamu wakaling'ang'ania. Mama yake alikuwa ameyaweka yale mabuti juu ya jeneza, yameoshwa mpaka yanang'aa.

Nikauliza, "Nani anamdai marehemu?"

Niliuliza haraka haraka, kama tunavyouliza kwa mtu aliyekufa kijana. Anadaiwa nini mtu wa umri ule? Nikauliza mara ya pili. Mara ya tatu nyuma ya watu mtu akakohoa, akapita mbele. Alikuwa Bwana Mfaume, ofisa mali wa Wizara ya Maji na Shangwe, amevaa suti na jasho. Alisema anasikitika. Alisema ametumwa.

"Wizara inamdai marehemu jozi moja ya mabuti ya mpira," akasema, "aliyopewa kwa kazi ya siku moja na hakuyarudisha."

Wanaume walilitua jeneza. Mmoja wao alikuwa anaitazama shingo ya Bwana Mfaume kwa namna ambayo haikunipendeza, na mimi mwenyewe, mtu mpole, nilitamani amalize anachokifikiria. Bi Mwatabu akanyoosha mkono kumzuia. Akasimama, akajikung'uta kanga.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Deni lake ni langu."

Akainama, akayachukua mabuti, akamkabidhi Bwana Mfaume mikononi, moja juu ya jingine.

"Yote ya kushoto," akamwambia. "Yalikuwa hivyo mlipompa. Msije mkasema ameyabadilisha."

Bwana Mfaume alisimama pale na mabuti kifuani. Nadhani alitumwa akiwa amejiandaa kwa vurugu, na utaratibu wa kukubaliwa deni hakuwa nao. Hakujua ageuke upande gani. Watu wakampita kushoto na kulia, wakalibeba jeneza, wakamwacha amesimama peke yake.

Asubuhi iliyofuata Wizara iliniletea tangazo la Shomari, tayari limeandikwa. Lilisema amefariki kwa uzembe wake, na kwamba mali ya umma imepatikana ikiwa salama. Nikaligeuza, nikaandika kwa nyuma, na wimbo wa Mlezi ulipokwisha nikasoma la kwangu. Lilikuwa la mwisho kulisoma. Bei ya mahindi siku ile ilisomwa na mtu mwingine.

"Bi Mwatabu wa Kinamasini anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe, Shomari, kilichotokea miaka sita iliyopita akiwa kazini. Mazishi yamefanyika jana kando ya Mto Mwendakwao. Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Aliyemdai marehemu ameshalipwa. Wale ambao marehemu anawadai, wanajijua."